Je, kompyuta ya kwanta ipo? Historia fupi ya dai moja na ushahidi wake

0. Utangulizi

Katika zoezi moja la tafsiri tuliwapa wanafunzi sentensi fupi ya Kifaransa: l'ordinateur quantique existe. Nia yetu haikuwa kufundisha fizikia, bali kupima matumizi ya viambishi -po, -ko na -mo. Majibu yalikuwa ya aina tatu. Kundi la kwanza liliandika "Kompyuta ya kwanta ipo". Kundi la pili, likifuata mazoea ya Kiswahili cha Lubumbashi ambamo "iko" hueleza mahali, hueleza kuwapo na hata huunga kiima na kiarifu, liliandika "Kompyuta ya kwanta iko". Mwanafunzi mmoja, aliyesoma hisabati kabla ya kujiunga nasi, aliacha nafasi tupu na kuandika pembeni kwamba sentensi ile isitafsiriwe kabla ya kuthibitishwa. Hatukumpa alama yoyote, kwa kuwa zoezi lilikuwa la lugha.

Tangu siku ile tumesoma yaliyoandikwa kuhusu mashine hiyo, na tumetambua kwamba jibu lake lilistahili kufikiriwa zaidi kuliko tulivyolifikiria. Wapo wanaodai kuwa kompyuta ya kwanta imekwisha kuundwa na kuuzwa. Wapo wanaodai kuwa haipo kabisa na pengine haitakuwapo. Pande zote mbili zina wataalamu wa kweli. Hali kama hiyo inapotokea, mwanaisimu ana haki ya kushuku kwamba kitenzi kimoja kinabeba mizigo kadhaa.

Katika makala haya tutaonyesha, kwa njia ya historia, kwamba neno "ipo" limetumika kwa madai matatu tofauti, na kwamba kila dai lina tarehe zake na ushahidi wake. Hatuandiki kwa wanafizikia; tunawaandikia wenzetu wa lugha na wa taaluma nyingine ambao huulizwa swali hilo na wanafunzi wao.

1. Maana tatu za kuwapo kwa mashine

Tuanze na kompyuta ya kawaida, ambayo historia yake imekwisha kutulia. Katika miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage alibuni mashine ya kukokotoa ambayo ingefuata maagizo yaliyotobolewa kwenye kadi. Mwaka 1843 Ada Lovelace alichapisha maelezo ya jinsi ya kuiagiza. Lakini Babbage alifariki mwaka 1871 bila kuikamilisha. Je, mashine hiyo ilikuwapo? Ilikuwapo kama wazo lililo sahihi. Haikuwapo kama chombo.

Mwaka 1941 mjini Berlin, Konrad Zuse aliwasha mashine yake Z3, iliyofuata programu na kukokotoa bila kusaidiwa. Hapo chombo kilikuwapo. Kisha ikaja ENIAC ya Philadelphia, yenye vali zaidi ya 17,000, ambayo ilionyeshwa hadharani mwezi wa Februari 1946. Jambo linalotupasa kulikumbuka kuhusu ENIAC ni kwamba kazi yake kubwa ya kwanza, iliyoanza Desemba 1945, ilikuwa hesabu za bomu la haidrojeni zilizoletwa na wanasayansi wa Los Alamos. Hesabu hizo zilikuwa na mwenyewe aliyekuwa akizihitaji, na hakuwa na njia nyingine ya kuzipata kwa muda uliofaa. Hapo ndipo kompyuta ilipokuwa ya matumizi.

Tunapata basi ngazi tatu. Ya kwanza: chombo kimeundwa na kinafanya kazi kwa kanuni inayodaiwa. Ya pili: chombo kinashinda vyombo vilivyokitangulia, angalau katika kazi moja. Ya tatu: chombo kinafaa, yaani kinamtatulia mtu shida aliyokuwa nayo kabla ya chombo hicho kuwapo, kwa namna bora kuliko njia nyingine. Tutaziita kuundwa, kushinda na kufaa. Ubishi mwingi unatokana na watu wanaozungumzia ngazi tofauti kwa kitenzi kilekile.

2. Kuzaliwa kwa wazo (1980–1994)

Neno kwanta linatokana na fizikia ya mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1900 Max Planck alionyesha kwamba nishati hutolewa na kupokewa kwa vipande vyenye kipimo maalumu, wala si kwa mfululizo usiokatika. Kufikia mwaka 1926, kwa kazi za Heisenberg, Schrödinger na wenzao, nadharia kamili ilikuwa imejengwa: chembe ndogo kama elektroni haielezwi kwa mahali pamoja na mwendo mmoja, bali kwa wimbi la uwezekano.

Nadharia hiyo ilikuwa na shida moja ya kihesabu. Kueleza hali ya chembe 10, kila moja ikiwa na hali mbili, kunahitaji namba 1,024. Chembe 50 zinahitaji namba zaidi ya bilioni milioni moja. Chembe 300 zinahitaji namba nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Hakuna kompyuta ya kawaida itakayomaliza kazi hiyo.

Mwaka 1980 Paul Benioff, Mmarekani, alionyesha kwamba mashine ya kukokotoa inaweza kuelezwa kwa kanuni za kwanta, na mwaka huohuo mwanahisabati Yuri Manin aligusia wazo lililo karibu na hilo mjini Moscow. Mwaka 1981, katika mkutano uliofanyika karibu na Boston, Richard Feynman aligeuza shida kuwa njia: ikiwa maumbile ya kwanta hayakokotoleki kwa mashine zetu, basi tujenge mashine ambayo yenyewe ni ya kwanta. Mwaka 1985 David Deutsch wa Oxford aliandika nadharia ya mashine ya namna hiyo inayoweza kupewa kazi yoyote.

Hapa inafaa kueleza mashine yenyewe. Kompyuta ya kawaida hufanya kazi kwa biti, ambazo kila moja ni 0 au 1. Kompyuta ya kwanta hutumia kyubiti, ambayo yaweza kuwa katika mchanganyiko wa 0 na 1. Tena kyubiti kadhaa huweza kufungamana hata hali ya moja isielezeke bila nyingine. Husemwa mara nyingi kwamba mashine hiyo hujaribu majibu yote kwa mara moja. Maelezo hayo yanapotosha. Mtu anapopima kyubiti hupata jibu moja tu, na mchanganyiko hutoweka. Ufundi wote umo katika kupanga hatua ili njia zinazoelekea kwenye majibu mabaya zifutane, na zile zinazoelekea kwenye jibu jema ziimarishane, kama mawimbi mawili ya ziwa yanapokutana, mara yakajenga wimbi kubwa, mara yakauana. Kwa kazi nyingi hakuna mpango wa namna hiyo unaojulikana, na mashine ya kwanta haina faida yoyote juu ya ile iliyo mezani kwetu.

Mpango uliobadilisha mambo ulipatikana mwaka 1994. Peter Shor, aliyekuwa mtafiti wa maabara za Bell huko Marekani, alibuni algoriti, yaani utaratibu wa hatua, ya kuichambua namba kubwa katika vigawo vyake tasa. Jambo hilo si mchezo wa wanahisabati. Njia ya kuficha siri iitwayo RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, inategemea ugumu wa uchambuzi huo: kuzidisha namba tasa mbili ni rahisi, kuzirudia kutoka kwenye zao lake ni kazi ya karne nyingi. Ndiyo njia iliyolinda kwa miongo mingi mawasiliano ya benki na ya serikali. Tangu mwaka 1994 swali la kuwapo kwa kompyuta ya kwanta halikuwa tena la wanafizikia peke yao.

3. Kutoka karatasini hadi maabarani (1995–2006)

Kyubiti ni kiumbe dhaifu. Joto kidogo, mtikisiko au miale inayopita huiharibu. Rolf Landauer, mwanafizikia wa kampuni ya IBM, alishauri kwamba kila makala inayopendekeza kompyuta ya kwanta iwe na tanbihi ya kumwonya msomaji kwamba huenda mashine hiyo isifanye kazi. Mwaka 1996 Serge Haroche, Mfaransa aliyezaliwa Casablanca, pamoja na mwenzake Jean-Michel Raimond, waliandika makala wakiuliza kama mashine hiyo ni ndoto njema au jinamizi. Haroche hakuwa mtazamaji wa mbali: mwaka 2012 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Mmarekani David Wineland kwa ustadi wa kushika na kupima chembe mojamoja.

Majibu ya kupinga shaka hizo yalikuja kwa njia mbili. Kwa upande wa nadharia, Shor mwenyewe mwaka 1995, na Andrew Steane mwaka 1996, walionyesha kwamba habari ya kyubiti moja inaweza kutandazwa juu ya kyubiti kadhaa ili kosa la mojawapo ligunduliwe na kusahihishwa. Kwa upande wa vitendo, Ignacio Cirac na Peter Zoller walipendekeza mwaka 1995 kutumia iyoni zilizonaswa kwa umeme, na mwaka huohuo kikundi cha Wineland huko Boulder kilitekeleza hatua ya msingi ya pendekezo hilo. Mwaka 1999 Yasunobu Nakamura na wenzake huko Japani waliunda kyubiti kwa kipande cha metali kinachopitisha umeme bila ukinzani wowote katika baridi kali.

Mwaka 2001 watafiti wa IBM na wa Chuo Kikuu cha Stanford walitumia kyubiti saba kutekeleza algoriti ya Shor. Waliichambua namba 15, wakapata 3 na 5. Msomaji atatabasamu, kwani mtoto wa shule ya msingi hufanya hivyo. Hata hivyo kwa ngazi ya kwanza tuliyoitaja jibu lilikuwa limepatikana: chombo kimeundwa, na kinafuata kanuni inayodaiwa. Anayesema leo kwamba kompyuta ya kwanta haipo kwa maana hii amechelewa. Ni kweli pia kwamba tangu hapo hatua za algoriti hiyo zimekwenda polepole sana: namba 21 ilichambuliwa mwaka 2012, tena kwa mpango uliofupishwa kwa sababu jibu lilijulikana tangu awali.

4. Soko na ubishi wa kushinda (2007–2025)

Mwezi wa Februari 2007 kampuni ya Kanada iitwayo D-Wave ilionyesha mashine ya kyubiti 16 na kuitangaza kuwa kompyuta ya kwanta ya biashara. Mwaka 2011 iliuza mashine ya kyubiti 128 kwa kampuni ya Lockheed Martin. Hapo maana zilichanganyika. Mashine ya D-Wave haikuwa ile ya Deutsch, inayoweza kupewa kazi yoyote. Ilikuwa ya aina maalumu, iliyokusudiwa kutafuta mpangilio ulio bora miongoni mwa mipangilio mingi. Mwaka 2014 utafiti uliochapishwa katika jarida Science ulipima mashine mojawapo ya kampuni hiyo na haukuona dalili ya kasi ya kwanta katika majaribio yaliyofanywa. Kuuzwa kwa kitu, basi, hakuthibitishi kwamba kinafaa. Kunathibitisha tu kwamba yupo aliyetaka kukijaribu.

Mwaka 2012 Mmarekani John Preskill alitoa jina kwa ngazi ya pili: ukuu wa kwanta, yaani wakati ambapo mashine ya kwanta itafanya jambo lisilowezekana kwa mashine ya kawaida, hata kama jambo hilo halina faida. Mwezi wa Oktoba 2019 kampuni ya Google ilitangaza kuufikia. Mashine yake Sycamore, yenye kyubiti 53, ilitumia sekunde 200 kwa kazi ambayo, kwa makadirio ya Google, ingechukua kompyuta kubwa kuliko zote miaka 10,000. IBM ilijibu palepale kwamba siku mbili na nusu zingetosha. Mwaka 2022 watafiti wa China walichapisha njia iliyomaliza kazi hiyo kwa saa 15 hivi, wakitumia vichakato 512 vya kawaida. Hivyo rekodi iliyotangazwa kwa miaka 10,000 ilishuka hadi chini ya siku moja kabla ya kutimiza miaka mitatu.

Kisa hicho kina fundisho la kihistoria. Dai la kushinda lina pande mbili, mshindi na mshindwa, na mshindwa hakukaa bure: wataalamu wa kompyuta za kawaida nao walinoa njia zao. Kwa hiyo dai la namna hii lisomwe pamoja na tarehe yake. Mwaka 2020 watafiti wa Hefei, China, walidai ushindi wao kwa mashine ya fotoni. Mwaka 2023 IBM ilichapisha hesabu ya fizikia iliyofanywa kwa kyubiti 127, na katika muda wa wiki chache wengine wakaifikia kwa mashine za kawaida. Mwezi wa Desemba 2024 Google ilirudi na mashine Willow ya kyubiti 105, na mwezi wa Oktoba 2025 ikaripoti kazi iliyofanywa mara 13,000 kwa kasi kuliko kompyuta kubwa ya kawaida, safari hii kazi ambayo matokeo yake yanaweza kuhakikiwa na mashine nyingine ya kwanta. Twaweza kusema kwamba ngazi ya pili imefikiwa katika kazi chache zilizochaguliwa kwa ajili ya mashindano, na kwamba mpaka wake unasogezwa kila mwaka.

5. Kosa na marekebisho yake

Inabaki ngazi ya tatu, na kikwazo chake kina jina moja: kosa. Mashine bora za leo hukosea mara moja hivi katika kila hatua elfu za kuunganisha kyubiti mbili. Algoriti ya Shor, ikielekezwa kwenye namba za ukubwa unaotumika kulinda siri, huhitaji mabilioni ya hatua. Mtu anayekosea neno moja katika kila maneno elfu anaweza kuandika barua nzuri. Hawezi kunakili maktaba nzima bila kosa hata moja.

Dawa ni ile ya mwaka 1995, kuunganisha kyubiti nyingi dhaifu ili zifanye moja imara. Lakini dawa hiyo ina sharti. Kyubiti za ziada nazo hukosea. Zikikosea kupita kiwango fulani, kuongeza walinzi ni kuongeza wezi. Kwa karibu miaka 30 hakuna aliyekuwa ameonyesha waziwazi kwamba kundi linapokuzwa hatua kwa hatua kosa linapungua. Hilo ndilo jambo kubwa la Willow, kubwa kuliko rekodi ya kasi iliyopamba magazeti: watafiti walipokuza kundi kutoka wavu wa 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5 na hadi 7 kwa 7, kosa lilipungua kila mara kwa nusu hivi. Mwaka mmoja kabla, yaani 2023, watafiti wa Harvard na washirika wao walikuwa wamekwisha kuendesha hesabu kwa kyubiti 48 zilizoimarishwa, wakitumia atomu zilizoshikwa kwa mwanga.

Umbali uliobaki unaweza kupimwa. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja siri ya RSA yenye biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa muda wa saa nane. Mwaka 2025 Gidney alirekebisha makadirio hayo: kyubiti zisizofika milioni moja, kwa muda usiofika wiki moja. Mwishoni mwa 2023 IBM ilikuwa imeunda mashine ya kyubiti 1,121. Tunaona kwamba umbali unapunguzwa kutoka pande zote mbili: mashine zinakua na mahitaji yanashuka. Lakini kati ya elfu moja na karibu milioni moja pana safari ndefu.

Zipo pia habari za kurudi nyuma. Mwaka 2018 makala iliyotangaza ushahidi wa chembe za aina ya pekee, ambazo zingefanya kyubiti ngumu kuharibika, ilichapishwa katika jarida Nature. Mwaka 2021 waandishi wenyewe waliiondoa. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilipotangaza kifaa kinachotegemea wazo hilohilo, wanafizikia wengi walidai ushahidi zaidi. Wapo pia wanaoshuku mradi wote, kama vile mwanahisabati Gil Kalai wa Jerusalem, anayeshikilia kwamba kosa halitashuka kiasi kinachotakiwa. Matokeo ya Willow yameipunguzia nguvu shaka hiyo, hayajaizika.

Je, ipo basi kazi hata moja yenye faida? Iliyo karibu zaidi, kwa tulivyosoma, ni ile iliyochapishwa mwezi wa Machi 2025: mashine ya kyubiti 56 ilitumiwa kuzalisha namba za nasibu ambazo mteja aliye mbali anaweza kuhakikishiwa kwamba hazikupangwa na mtu. Ni hatua ya heshima. Hata hivyo, hadi mwisho wa mwaka 2025 hatukukuta dawa, metali mpya, utabiri wa hewa wala hesabu ya benki ambayo ilihitajiwa na mwenyewe na ikapatikana kwa mashine ya kwanta tu. ENIAC ilikuwa na mteja kabla ya kuzinduliwa. Kompyuta ya kwanta bado inatafuta wake.

6. Sisi tumo wapi?

Msomaji wa Katanga anaweza kuuliza habari hizi zinamhusu nini. Zinamhusu tangu mwanzo. Feynman aliyeuliza swali la mwaka 1981 alikuwa kijana huko Los Alamos katika Vita Kuu ya Pili, akisimamia kikundi kilichokokotoa kwa mashine za kadi za IBM kwa ajili ya bomu la atomu. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, katika mkoa wetu.

Historia inaelekea kujirudia kwa madini mengine. Kyubiti nyingi za metali huundwa kwa alumini, niobi au tantali. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walionyesha kwamba tantali huiwezesha kyubiti kudumu muda mrefu kuliko ilivyozoeleka, zaidi ya sehemu 0.3 za milisekunde. Coltan, ambayo wachimbaji wa Kivu huifukua kwa sururu, ni mawe yanayobeba tantali na niobi kwa pamoja, na nchi yetu ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa tantali duniani. Tusitie chumvi: tantali iliyo juu ya kyubiti ni utando mwembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara, na viwanda vya simu hutumia nyingi zaidi bila kulinganisha. Lakini ni haki kwamba anayeishi juu ya mawe hayo ajue yanakokwenda na kwa neno gani aeleze kinachotengenezwa nayo.

Jambo la pili ni la siri zetu. Anayenakili leo barua iliyofichwa kwa RSA aweza kuihifadhi na kungoja miaka 15 mashine ikomae. Kwa hiyo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha mwezi wa Agosti 2024 viwango vitatu vipya vya kuficha siri, vilivyotungwa ili vistahimili hata mashine ya kwanta. Benki, hospitali au ofisi ya uandikishaji isingoje mashine iwepo ndipo ibadilishe kufuli.

La tatu ni la wanafunzi wetu. Tangu mwaka 2016 IBM imefungua mashine zake ndogo zitumiwe kwa mbali, na mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini kiliingia katika mtandao wake wa washirika. Kinachohitajiwa kuanza kujifunza ni aljebra, nayo inafundishwa hapa.

7. Hitimisho

Turudi kwenye sarufi. Wauzaji husema "imekwisha kuwapo". Wapinzani husema "haipo" au "haitakuwapo". Historia tuliyoipitia hairuhusu kitenzi kimoja kwa ngazi zote tatu. Kompyuta ya kwanta imeundwa: hilo ni la tangu miaka ya 1990, na lilikwisha kuonekana wazi mwaka 2001. Imeshinda katika kazi chache teule: hilo ni la tangu mwaka 2019, pamoja na mabishano yake. Kuhusu kufaa, Kiswahili kina umbo ambalo Kifaransa hulipata kwa kuongeza neno: haijafaa. Kiambishi -ja- hakikanushi tu. Kinasema kwamba jambo halijatokea hadi sasa na kwamba bado linangojewa. Hakimwahidi msikilizaji, wala hakimkatishi tamaa. Tukisema "haifai" tunaidhulumu kazi ya miaka 40. Tukisema "inafaa" tunamdanganya anayetusikiliza. IBM imetangaza kwamba mwaka 2029 itakuwa na mashine ya kyubiti 200 zilizoimarishwa. Tangazo hilo liandikwe kwa -ta-, kisha lingojwe.

Kuhusu yule mwanafunzi, tumemwita ofisini na kumrudishia karatasi yake. Tafsiri tunayoipendekeza sasa ni ndefu kuliko sentensi ya Kifaransa: kompyuta ya kwanta imeundwa, lakini haijawa ya matumizi. Aliisoma, akauliza kama tungeikubali siku ile kutoka kwake. Tulikiri kwamba tungeipigia mstari mwekundu kwa sababu ya urefu wake. Alama tumemwongezea.